Mwalimu wa Chuma na Mashine Iliyokataa Kusogea

Siku ya kwanza tulipokutana, alinikata tai.

Nilikuwa nimeripoti asubuhi hiyo, mwalimu mpya wa umeme katika chuo cha ufundi mjini Kakamega, miaka ya tisini ikiwa bado michanga. Mkuu wa chuo alinizungusha kunionyesha madarasa, na tulipofika karakana ya chuma nikaona mashine ya kukereza ikifanya kazi, kipande cha chuma kikizunguka na kumenywa taratibu kama muwa. Nikainama nitazame vizuri. Sikujua kwamba tai yangu, niliyoinunua kwa ajili ya kazi ile, ilikuwa ikining'inia karibu kabisa na kile chuma. Mama mmoja wa makamo aliyevaa koti la khaki alitokea ubavuni mwangu, akakanyaga breki ya mashine, akatoa mkasi mfukoni na kuikata tai chini kidogo ya fundo. Hata samahani hakusema. Aliwageukia wanafunzi wake kwanza.

"Mmeona? Huyu angeenda na shingo."

Kisha akanigeukia, akanipa mkono wenye mafuta, akatabasamu kana kwamba ndiyo kwanza nimeingia. "Karibu, Mwalimu. Mimi ndiye wa chuma."

Kesho yake nilikuta kile kipande cha tai mezani kwangu, kimefuliwa na kupigwa pasi.

Chuo kizima kilimwita hivyo, mwalimu wa chuma. Wanafunzi walimwita Madam wakiwa mbele yake. Jina lake nalijua, lakini hata leo nikilitamka huwa kama namtaja mtu mwingine, jamaa yake labda, mtu wa kawaida asiye na grisi kwenye kucha. Wanawake waliofundisha kukereza chuma wakati ule sikuwahi kuwasikia wengine, na yeye hakupenda kulizungumzia hilo. Mgeni akimuuliza aliingiaje kwenye kazi ya wanaume, alikuwa akijibu, "Kwa mlango," halafu anaendelea na kazi.

Alivaa vilevile kila siku. Chini ya koti la khaki kulikuwa na gauni zuri la kanisani, hata Jumatatu, na kichwani kitambaa alichokifunga kwa nguvu mpaka nyusi zikapanda kidogo. Nywele, mikono mirefu ya shati, bangili, shanga, vyote aliviita chakula cha mashine. "Mashine haichagui," alisema. "Inakulanga kitu chochote unachoileteanga."

Alikuwa na sikio la ajabu. Mashine ikilalamika, hakuifungua. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye mwili wa mashine na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Wanafunzi wote walinyamaza. Baada ya muda angesema, "Beringi ya nyuma," au "Mkanda umelegea," na mara nyingi ilikuwa kweli. Lakini si mara zote. Kuna siku alisikia beringi mbovu kwenye mashine ya kutobolea, wakafungua kila kitu, kumbe ni skrubu iliyoanguka ndani ya kifuniko na kucheza humo. Akacheka mpaka machozi, akawaambia wanafunzi waliokuwa wakimwogopa kucheka, "Chekeni! Mkificha makosa yangu, mtajifunzaje?"

Kwa upande wa watu, subira hiyo haikuwepo. Mwanafunzi akichelewa dakika chache alifungiwa nje, hata mvua ikinyesha. Kikao cha walimu kikizidi saa moja alisimama na kuondoka bila kuaga. Lakini kipande cha chuma kilichokataa kukaa sawa angeweza kukaa nacho asubuhi nzima, akikibembeleza, akikisemesha Kiluhya kwa sauti ya chini kama mtu anayemlisha mtoto mgonjwa.

Na aliogopa radi. Wanaoijua Kakamega wanajua kwamba alasiri mbingu zetu hazina heshima. Wingu likikusanyika upande wa msitu, mwalimu wa chuma, ambaye sikuwahi kumwona akirudi nyuma mbele ya chuma kinachozunguka, alizima kila kitu, akachomoa kila waya ukutani, akakaa juu ya kreti la mbao, miguu ameinua isiguse sakafu, akasali. Nilimweleza, kama mtu wa umeme, kwamba kreti halitamsaidia sana. Akanijibu, "Mwalimu, wewe baki na umeme wako. Mimi nitabaki na Mungu na mbao."

Wiki nzima alikaa kwenye chumba cha kupanga mtaa wa Amalemba, na mwisho wa wiki alirudi Musanda kwa mumewe, mzee mkimya aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sukari. Mara mojamoja mzee alikuja kumtembelea, kuku amefungwa kwenye kibebeo cha baiskeli, na siku hiyo majirani wote, nami nikiwa mmoja wao, tuliitwa kula obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku. Mama yule yule aliyewafungia watoto wa watu nje kwenye mvua alizunguka na sufuria akituongezea mchuzi, na ukikataa alikasirika kabisa.

Kati ya maneno yake yote, moja ndilo lililobaki na mimi zaidi, nalo lilihusu bomba la maji. Alilitumia kila mwanafunzi alipoanza kufungua mashine ovyo akitafuta ubovu.

"Maji hayafiki kwako," alikuwa akiuliza. "Utachimba bomba lote, kuanzia tangini hadi mlangoni?"

"Hapana, Madam."

"Utaenda wapi?"

"Katikati ya bomba, Madam."

"Ukikuta maji katikati?"

"Ubovu uko upande wangu."

"Usipokuta?"

"Uko upande wa tangi."

"Basi nenda. Na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili ikapona, hutajua ni dawa gani iliyoponya."

Kisha ikaja mashine ya kompyuta.

Ilikuwa msaada kutoka kwa wafadhili wa ng'ambo, na ilifika kwa lori ikiwa ndani ya kreti kubwa. Nayo ilikuwa ya kukereza chuma, ila haikuwa na mikono ya kuzungushwa na mtu. Badala yake ilikuwa na mota ndogo za kusogeza kisu, sanduku la umeme la kuziendesha mota hizo, na kompyuta iliyounganishwa na sanduku kwa kebo. Unaiandikia kompyuta vipimo, kompyuta inaliambia sanduku, sanduku linaziambia mota, kisu kinakwenda. Ndivyo kitabu chake kilivyosema, na kilikuwa cha Kijerumani.

Walimu wengi tulidhani mwalimu wa chuma ataichukia. Mtu aliyejenga maisha yake kwa mikono, aletewe kitu kisichohitaji mikono? Lakini alilizunguka lile kreti kama bibi harusi anayekagua nyumba mpya. Aliiondoa misumari mwenyewe. Akafuta mashine yote kwa kitambaa, sehemu kwa sehemu, na tulipoiwasha kompyuta alivuta kiti akakaa mbele yake, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kumwona akikifanya karakanani.

Tukaipa amri ya kwanza. Kwenye skrini tarakimu zilianza kukimbia: kisu kimefika hapa, kimefika pale, kimerudi. Tukainua macho kuitazama mashine. Haikuwa imesogea hata kidogo. Kompyuta ilikuwa ikitusimulia safari ambayo hakuna aliyeifunga.

Mwalimu wa chuma alikuwa na hakika kwamba ubovu ni wa chuma. Alisema parafujo ndefu inayosukuma kisu imekwama njiani kwa kutu. Karibu wiki nzima aliifungua na wanafunzi, wakaisafisha, wakaipaka mafuta, wakairudisha. Ilikuwa ikiteleza vizuri tangu mwanzo. Tulipowasha tena, tarakimu zikakimbia, mashine ikakaa kimya.

Akasimama mbele ya darasa. "Nimekosea," akasema. "Na mnajua kwa nini? Nilianza mahali ninapopajua, badala ya kuanza katikati ya bomba. Mwalimu wa umeme, njoo. Katikati ni wapi hapa?"

Nikasema katikati ni ile kebo, kati ya kompyuta na sanduku.

Nikatengeneza kipimo rahisi: taa ndogo nyekundu zilizopangwa kwenye kibao, moja kwa kila waya uliobeba amri. Nikakichomeka moja kwa moja nyuma ya kompyuta. Akabonyeza amri, na taa zikaanza kumetameta moja baada ya nyingine. Darasa likaguna kwa raha.

"Hapa maji yapo," akasema. "Sogea."

Nikairudisha kebo mahali pake na kukipeleka kipimo kwenye ncha yake ya pili, ile inayoingia kwenye sanduku. Akabonyeza tena. Taa zilimetameta, isipokuwa moja, ambayo ilibaki nyeusi. Nilitazama michoro ya kile kitabu, ambayo angalau haikuwa ya Kijerumani. Waya ule ndio ulioliambia sanduku liamke. Nyaya nyingine zote zilikuwa zikiongea na mtu aliyelala.

Tukaichunguza kebo. Haikuwa ya mashine ile. Ya asili ilipotea mahali fulani njiani, na mtu mwenye nia njema akatia kebo ya printa, kwa kuwa vichwa vyake vinafanana. Kwa kazi ya printa waya ule hauna maana, kwa hiyo walioitengeneza hawakuuunganisha. Dawa ilikuwa kufungua kichwa cha kebo na kuuchomea waya mmoja mwembamba kwa risasi ya kuyeyusha.

Mwalimu wa chuma aliinyakua pasi ya kuchomea kwa mazoea, kama alivyonyakua kila chombo. Akainama. Na hapo nikaiona ncha ya pasi ikicheza. Ilikwenda kushoto, ikaenda kulia, ikagusa mahali pasipotakiwa. Akabana pumzi, akajaribu tena. Ikacheza zaidi. Aliiweka chini polepole.

"Nendeni mapumziko," akawaambia wanafunzi.

Walipotoka akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele yangu, juu ya meza, kama mtu anayeonyesha kitu alichokiokota. Ulikuwa ukitetemeka bila kukoma.

"Mikono hii imeanza kunikana," akasema. "Tangu mwaka jana. Unaona sasa kwa nini nawaacha wanafunzi wakate, mimi nasimama nyuma napiga kelele?"

Nilikuwa nimeona kwamba siku hizi hakati mwenyewe. Nilidhani ni cheo.

"Umeenda hospitali, Madam?"

"Nimeenda. Wanasema dawa itapunguza, haitamaliza." Akaurudisha mkono mfukoni mwa koti. "Mkuu akijua atanipeleka stoo nikahesabu misumari. Mimi, Mwalimu, nikae stoo? Nilipoona lile kreti nilisema, Mungu amenitumia mikono mingine. Kwa hiyo hii mashine si ya chuo peke yake. Chomea huo waya."

Nikauchomea. Wanafunzi walirudi, tukawasha, na kabla hata ya amri yoyote tukasikia mvumo mdogo: mota zimeamka na kukaza. Akabonyeza. Kisu kikasogea, kikasimama pale pale skrini iliposema kimesimama. Wanafunzi walipiga makofi na vigelegele. Yeye hakupiga kelele. Aliiweka bisibisi yake kwenye mwili wa mashine, akasikiliza, akatikisa kichwa mara kadhaa kama anayeitikia salamu.

Furaha ile haikudumu. Mashine ilifanya kazi vizuri asubuhi fulani, na asubuhi nyingine ilisimama katikati ya kipande, au mbaya zaidi, iliendelea huku vipimo vimepotea, kipande kikatoka kinene upande mmoja. Mimi nililaumu umeme wa mji. Yeye, bila shaka, alilaumu radi, hata siku ambazo mbingu zilikuwa buluu. Wakati huo huo mkuu wa chuo alituita ofisini. Mgeni kutoka kwa wafadhili alikuwa anakuja kuona mashine, na kama ingekuwa haifanyi kazi, ingepelekwa chuo kingine huko Eldoret ambako, alisema kwa upole, huenda kuna wataalamu.

Tulitoka. Akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kreti lake la mbao.

"Inafanya vizuri lini?" akaniuliza.

"Wakati mwingine tu."

"Hakuna wakati mwingine tu. Kuna kitu." Akafumba macho. "Iwashe. Iache ikate hewa. Tusikilize."

Tulikaa. Kisu kilikwenda na kurudi bila kipande chochote, kwa sauti ileile, kama mtu anayefagia. Kisha ikaruka. Mruko wenyewe ulikuwa mdogo sana, kama kwikwi. Ikatulia. Halafu kwikwi nyingine. Akafumbua macho, akainua kidole: nyamaza. Nyuma ya ukuta, karakana ya jirani, tulisikia mlio wa kuchomelea, tsss, ukaisha. Ukaanza tena, na mashine ikapata kwikwi.

Alitoka mbio, koti likipepea. Mwalimu wa kuchomelea alikuwa mzee mcheshi aliyezaliwa Butere, na nilimsikia kupitia dirishani akishtuka.

"Choma!" akamwamuru.

"Nichome nini, Madam?"

"Chochote! Choma!"

Tsss. Mbele yangu mashine ikaruka. "Imeruka!" nikapiga kelele.

"Acha!"

Kimya. Mashine ikatulia. "Imetulia!"

"Choma tena!"

Tsss. Ikaruka.

Aliporudi alikuwa akihema na macho yanang'aa. Sasa ilikuwa zamu yangu kueleza. Nikamwambia kwamba moto wa kuchomelea unarusha kelele za umeme hewani na kwenye nyaya, zilezile zinazofanya redio ikwaruze. Kebo yetu ndefu isiyo na kinga ilikuwa inazidaka, na sanduku linadhani ni amri.

"Kwa hiyo inasikia uongo," akasema.

"Inasikia majirani."

Mwalimu wa kuchomelea, akiwa bado ameshika kofia yake ya chuma, alijitolea. "Madam, mimi naweza kurara hiyo siku mgeni anakuja. Sitachoma kitu."

"Wewe uchome," akamjibu. "Mashine isiyoweza kukaa na majirani itafundisha nini hapa?"

Tulitafuta kebo fupi yenye kinga ya waya wa kusuka kuizunguka, nikaifunga ile kinga kwenye waya wa ardhini, ule unaomwaga umeme wa ziada udongoni, kwa upande mmoja tu, maana ukiifunga pande zote mbili inaweza kugeuka njia ya kelele nyingine. Waya wa ardhini wa karakana wenyewe tuliukuta umekatika zamani, hakuna aliyejua lini. Yeye alichagua fimbo ndefu ya shaba, wanafunzi wakaigongomelea nje ya ukuta, mahali ambapo maji ya mvua hutuama na udongo haukauki. Alituzuia tusifanye yote kwa pamoja. Kebo kwanza, tukapima: kwikwi zilipungua. Fimbo ya shaba baadaye, tukapima tena: kwikwi zikaisha.

"Sasa tunajua ni dawa mbili," akasema. "Moja isingetosha."

Mgeni alikuja siku ya jua kali. Alikuwa bwana mrefu mwenye haya, na mkuu wa chuo alimfuata kila hatua akitabasamu. Karakana ilijaa. Mlangoni alisimama pia mwenye mashine ya kusagia mahindi ya Amalemba, kofia mkononi, kwa sababu mwalimu wa chuma alikataa kukereza pambo la maonyesho. Alikuwa amechagua bushi, ile pete ya chuma inayoshika mhimili, ya mashine ya huyo mzee, ambayo ilivunjika, na kina mama wa mtaa walikuwa wakibeba mahindi yao hadi mbali.

"Madam," mzee alisema kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika na kila mtu, "mashine yangu imerara wiki nzima. Hii ya kompyuta itaweza kweli?"

"Utaona wewe mwenyewe."

Akakaa mbele ya kompyuta. Nilikuwa nimejitolea kuandika vipimo badala yake, akakataa. Alitoa mkono wa kulia mfukoni. Ulitetemeka mbele ya watu wote. Akaushika kifundoni kwa mkono wa kushoto, akaukaza, na kwa kidole kimoja akaanza kubonyeza, tarakimu baada ya tarakimu. Ilichukua muda mrefu. Nikamwona mkuu wa chuo anatazama ule mkono, na tabasamu lake likapotea.

Mwalimu wa chuma naye aliliona hilo. Hakugeuka. "Mnatazama mikono yangu," akasema. "Tazameni chuma."

Kisha, kwa sauti ya karakana: "Jirani! Choma!"

Tsss, nyuma ya ukuta. Akabonyeza amri ya mwisho.

Kisu kikasogea. Kilikata kwa utulivu, riboni za chuma zikajikunja na kuanguka, na nyuma ya ukuta jirani alikuwa akichomelea bila huruma. Hakukuwa na kwikwi. Mashine iliposimama, aliitoa bushi, akaifuta, akampa mgeni pamoja na maikromita. "Pima wewe, Bwana. Mimi nikipima mtasema mkono umetetemeka." Mgeni akapima, akageuza, akapima upande wa pili, na akasema kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba ni sawasawa kabisa. Mzee wa kusaga alikuwa keshanyoosha mkono aichukue. Jioni ile mama mwenye nyumba wangu alirudi na unga wa moto, akisema mashine ya pale chini imefufuka.

Mkuu wa chuo alimwita ofisini siku iliyofuata, akaniomba niwepo kwa kuwa kazi ya umeme ilikuwa yangu. Nilijua kinachokuja, na yeye alijua. Aliketi wima, mikono yote miwili juu ya meza, haifichi.

"Tangu lini, Madam?"

"Mwaka jana."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungenipa stoo."

Mkuu aliitazama ile mikono. Alikuwa mtu wa kanuni, na sidhani kama nilimpenda kabla ya siku ile. "Ni kweli," akasema hatimaye. "Ningekupa stoo." Akatazama dirishani, kuelekea karakana. "Mashine kubwa za mikono usiziguse tena wewe mwenyewe. Nitamweka mwalimu mwingine akusaidie. Lakini ile mpya, nani mwingine anaijua?"

"Huyu anajua nusu," akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Basi mfundishe nusu nyingine."

Alinifundisha, na wengine wengi, mpaka umri wake wa kustaafu ulipofika. Miaka ile mkono wake ulizidi kutetemeka na sauti yake ikapungua kidogo, lakini vipande vilivyotoka kwenye mashine ile vilikuwa safi kama vya ujana wake, na nadhani yeye aliviona hivyo. Aliendelea kuwafungia nje waliochelewa. Wingu likija aliendelea kupanda kwenye kreti, fimbo ya shaba iwepo isiwepo.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa miaka ya tisini inakaribia kuisha. Nilikuwa nimehamishiwa Lugari, na mwalimu wa kuchomelea ndiye aliyenifikishia habari kwamba hali ya Madam imezidi. Nilishuka Mumias, nikapanda boda boda ya baiskeli hadi Musanda, miwa imesimama pande zote za njia. Mumewe, aliyekuwa amestaafu pia, alinipokea getini. Hakuwahi kuwa mtu wa maneno mengi, lakini kabla hatujaingia alinishika bega.

"Mwalimu, huko ndani usimsaidie kitu," akasema kwa sauti ya chini. "Ukimsaidia atakufukuza. Mimi ameshanifukuza kwangu mwenyewe."

Nilimkuta sebuleni, mbele ya cherehani iliyofunguliwa. Mama mmoja jirani alikuwa ameshika bisibisi, na yeye ameinamisha sikio karibu na gurudumu. "Zungusha. Polepole. Hapo, umesikia? Kaza hapo," alikuwa akimwambia. Kisha akaniona. Mwili wake wote wa upande wa kulia ulikuwa ukitetemeka sasa, na uso umekuwa mgumu kidogo, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Huyu ndiye masikio," jirani alinieleza huku akicheka, akikusanya vifaa vyake ili atuachie nafasi. "Mimi ndiye mikono. Tumetengeneza za kijiji chote."

Tukaongea. Aliuliza kuhusu kila mwanafunzi aliyemkumbuka, na aliwakumbuka karibu wote. Nikamwambia mashine bado inafanya kazi, na sasa inafundishwa na binti mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake.

"Anafungia nje waliochelewa?"

"Anawafungia."

"Mvua ikinyesha?"

"Hata mvua ikinyesha."

Akafurahi sana, kwa macho tu, maana uso haukumsaidia tena.

Birika la chai lililetwa na kuwekwa mezani, pamoja na vikombe. Nilianza kunyanyuka, nikamwona mzee ananitazama, nikakaa. Mwalimu wa chuma alilishika birika kwa mikono miwili. Akasubiri kwanza, kama anayesubiri mtetemeko upite ili afuate nyuma yake, halafu akalinyanyua. Mdomo wa birika ulikwenda kushoto, ukaenda kulia. Chai ilimwagika kwenye sahani, ikamwagika kwenye kitambaa, ikatiririka hadi ukingoni na kuanza kudondoka sakafuni. Mumewe aligeukia dirisha akawa anaangalia miwa. Mimi niliikalia mikono yangu. Aliendelea kumimina, hana haraka, akinifuatia kikombe popote kilipoonekana kwenda, mpaka akaridhika, akalirudisha birika chini.

Kikombe kilikuwa kimefika nusu. Akanisukumia kwa upande wa kiganja.

"Hiyo nusu ni yako," akasema. "Ile nyingine ilikuwa ya meza. Kunywa upesi, nikuongeze."